Gitaa la Tano

Wimbo ukianza, wengi humngoja mwimbaji,
au hurusha mikono gitaa la solo linapopanda
kama paka ukutani.
Mimi humngoja yule wa chini,
anayetembea kwa viatu vya mpira
ndani ya nyumba ya wimbo, akifunga milango,
akihakikisha kila mtu ameingia.
Hakuna anayemtaja.
Lakini akijikwaa yeye, harusi nzima inakanyagana.

La kwanza nilinunua Luthuli kwa Nzioki, fundi wa redio,
jicho moja kwenye lenzi, jingine mfukoni mwangu.
"Bendi ilivunjika," aliniambia, "gitaa halikuvunjika."
Shingo ilikuwa imepinda kama alama ya kuuliza.
Nikajibu kwa mshahara wa Machi.

La pili lilikuwa jekundu. Sina sababu nyingine.
La tatu lina nyuzi tano; ule mnene ukiupiga
vikombe vya jirani vinasalimiana.
La nne shingo yake ni laini kama sabuni,
haina vizuizi, kidole kikiteleza unywele mmoja
linakutangaza.
Kila nikilipa nilisema, sasa basi.
Kati ya basi na besi pana irabu moja,
na hapo ndipo akiba yangu hupotelea.

Mchana natengeneza meno ya bandia, Ngara.
Nta, plasta, gego baada ya gego,
na bei ya kila kitu naihesabu kwa taya:
pedali, taya mbili;
ile amplifaya nyeusi ya dirishani, taya kumi na moja,
na bado watu wananiuliza mbona natazama vinywa vyao wakicheka.

La tano lilikuja Jumamosi, Kwamboka yuko kwenye chama, Donholm.
Nililipandisha ghorofa nne, limefungwa blanketi kama mgonjwa.
Mama Atsango akachungulia: "Nani huyo?"
Nikasema, rafu ya viatu.
Nikalisimamisha kabatini, nyuma ya makoti.

Usiku stima zikapotea, Umoja nzima.
Besi bila umeme hunong'ona kama mtu mwenye deni.
Sikuweza kungoja kuche.
Nikaingiza mikono gizani, nikagusa uzi,
pembe ya gitaa ikaegemea ubao,
na kabati likaitika.
Kabati zima! Hanga, suti ya harusi, sanduku la vyeti,
vyote vikawa spika.
Nikapiga mwendo wa benga, nyuma kidogo ya mapigo,
kama alivyonifunza Opondo, aliyepiga baa za Kayole
mpaka masikio yakastaafu kabla ya vidole.

Tochi ya simu mlangoni.
"Hilo ni la ngapi?"
"La nne."
Mwanga ukapita ukutani, moja, mbili, tatu, nne,
ukarudi usoni kwangu.
"Taya ngapi?"
Nikanyamaza.

Akakaa kitandani, akavua kiatu kimoja.
"Unajua ulichonifanyia?
Nilikuwa napenda nyimbo. Nilisikia maneno,
nikalia penye kilio, kama watu.
Sasa niko saluni, redio inalia mapenzi,
na mimi namsikia tu huyo mtu wako wa chini.
Jumapili kijana wa besi aliruka noti mbili kanisani,
nikageuka kumkodolea macho.
Kanisa zima, mimi peke yangu."

Cha pili hakuvua.
"Taya ngapi?"
"Kumi na tatu."
Mbwa akabweka mbali, jenereta ya duka ikakohoa, ikazima.
"Basi," akasema.

Nikaanza kutafuta blanketi,
nikipanga nitakachomwambia Nzioki Jumatatu.

Akasimama, na kiatu chake kimoja,
akalaza sikio kwenye mlango wa kabati.
"Basi piga."